Kupanga Masomo ya Shahada ya Kwanza ya Saikolojia: Mwongozo kwa Vijana, Wazazi na Walezi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana hufika katika ofisi za parokia kuomba ushauri juu ya masomo ya chuo kikuu, na katika miaka ya karibuni wengi wao hutaja saikolojia. Wakiulizwa sababu, jibu huwa karibu lile lile: wanataka kusaidia watu. Ni nia njema, tena inafaa kulelewa. Hata hivyo, nia hiyo peke yake haimpangii kijana kozi zake. Tumewaona waliofika mwaka wa tatu wakiwa na alama za kuridhisha katika kozi zilizotawanyika huku na huko, lakini hawana takwimu za kutosha kuandika tasnifu, wala msingi wa baiolojia ambao ungewasaidia kuelekea kwenye tiba. Hasara hiyo haikutokana na uvivu. Ilitokana na kuchagua kozi muhula kwa muhula, kama mtu anayekwenda sokoni bila kujua nyumbani kunapikwa nini.

Makala hii inahusu mpangilio huo wa kozi tangu muhula wa kwanza hadi wa mwisho. Tunawaandikia vijana wenyewe, wazazi wanaolipa ada, na pia wakuu wa mashirika ya kitawa wanaowatuma watawa wao kusomea taaluma hii.

Shahada katika hesabu zake

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ya miaka mitatu haina budi kufikia angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa kila muhula. Krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kozi yenye krediti 12 ni saa 120 za kazi. Ikiwa mihadhara yake ni saa 3 kwa wiki katika muhula wa wiki 15, saa zilizotumika darasani ni 45 tu, na zinazobaki, 75, ni za kusoma, kuandika na kufanya mazoezi. Kozi tano za namna hiyo humpa mwanafunzi kazi ya saa 40 kwa wiki, sawasawa na mwajiriwa wa ofisini. Anayejiongezea kozi ya sita ili amalize mapema, au anayefanya biashara ndogo hadi usiku ili ajikimu, apige kwanza hesabu hii. Nchini Kenya shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka minne, kwa hiyo nafasi ya kozi za kuchagua ni pana zaidi. Kwa miaka mitatu ya Tanzania, kosa la muhula mmoja halina mahali pengi pa kurekebishiwa.

Saikolojia ni nini, na Kanisa lilikuwa wapi

Saikolojia ni elimu inayochunguza kwa utaratibu wa kisayansi mwenendo wa binadamu na yale yanayotendeka katika akili yake. Kwa kawaida mwanzo wake kama sayansi inayojitegemea huhesabiwa kuwa ni mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Wapo waamini wanaodhani kwamba tangu hapo Kanisa lilikaa pembeni likinuna. Historia inasema vingine. Padre Edward Pace, Mmarekani, alisoma kwa Wundt mwenyewe, na mwaka 1891 akaanzisha maabara ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani, Washington. Huko Louvain, Ubelgiji, Désiré Mercier, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliipa saikolojia ya majaribio nafasi ndani ya taasisi yake ya falsafa. Agostino Gemelli, tabibu na mtawa Mfransisko, mwanzilishi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Moyo Mtakatifu mjini Milano mwaka 1921, alikuwa mwanasaikolojia aliyefanya utafiti wa maabara kwa mikono yake. Nao Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Kichungaji Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 62, wanataka shughuli za kichungaji zitumie, pamoja na kanuni za taalimungu, matunda ya sayansi za kibinadamu, wakizitaja kwa majina saikolojia na sosholojia.

Kwa hiyo kijana Mkatoliki asiingie darasani kama mpelelezi aliyetumwa nchi ya adui. Wala asidhani kuwa anakwenda kusomea aina ya pili ya kitubio. Padre huondolea dhambi kwa mamlaka ya Kristo. Mwanasaikolojia huchunguza na kusaidia mwenendo kwa mbinu zinazoweza kupimwa.

Kuanzia mwisho

Kabla ya kujaza fomu ya kozi za muhula wa kwanza, kijana ajiulize anataka kutokea mlango gani baada ya kuhitimu. Kwa jumla milango ni mitatu. Kuna tiba, yaani kazi ya mwanasaikolojia wa hospitali. Kuna malezi na ustawi wa jamii: shule, vituo vya watoto, unasihi, mashirika ya huduma. Na kuna kazi za utafiti, utumishi na uendeshaji wa rasilimali watu. Si lazima aamue siku ya kwanza, lakini ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza awe ameegemea upande mmoja, kwa sababu kozi za kuchagua za mwaka wa pili ndizo zinazofungua au kufunga milango hiyo.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi kwa wazazi, maana sherehe za mahafali hulificha: shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa tiba. Anayetaka kutibu anahitaji shahada ya uzamili yenye mafunzo ya hospitalini chini ya usimamizi, kama ile ya saikolojia ya tiba inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na Uingereza na Marekani kwa kawaida hudai hata shahada ya uzamivu. Mhitimu wa miaka mitatu anayeweka kibao nje ya nyumba akijiita tabibu wa akili anawahatarisha watu, hata kama alipata daraja la kwanza.

Mwaka wa kwanza: takwimu zisiahirishwe

Kozi za mwaka wa kwanza hazina utata mwingi. Kuna utangulizi wa saikolojia, stadi za mawasiliano na uandishi, mara nyingi misingi ya sosholojia au falsafa, na kompyuta. Palipo na utata ni takwimu na mbinu za utafiti. Vijana wengi wanaokuja saikolojia wametoka katika michepuo ya historia, Kiswahili na lugha, na baadhi yao waliagana na hisabati kidato cha nne wakiwa na alama ambazo hawapendi kuzitaja. Pale chuo kinapomruhusu mwanafunzi kupanga mwenyewe muhula wa kuzisoma, huzisukuma mbele kadiri awezavyo. Tunawasihi wasifanye hivyo.

Tutoe mfano wa parokiani. Tuseme watu 20 wenye huzuni nzito wamehudhuria semina ya wiki nne, na mwisho wake 15 wanasema wamepata nafuu. Mwandaaji atashangilia na kuomba fedha za semina nyingine. Aliyesoma takwimu atauliza maswali ambayo huenda yasipendwe: je, watu wenye huzuni ya namna ile ambao hawakuhudhuria walikuwaje baada ya wiki nne? Wangapi walianza semina wakaacha njiani, na je, wamehesabiwa? Nafuu ilipimwa na nani, kwa kipimo gani? Huzuni nyingi hupungua zenyewe kadiri siku zinavyopita. Pasipo kundi la kulinganisha, ile 15 kati ya 20 haituambii kama semina ilisaidia. Maswali haya hayadharau sala wala jitihada za mtu. Yanamlinda mgonjwa asipewe kitu kisichofaa kwa jina la kitu kinachofaa.

Taaluma yenyewe imekwisha kuonja ugumu huu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilitangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa katika majarida yenye sifa. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, zilizofikia kiwango hicho zilikuwa asilimia 36 tu. Mwanafunzi asiyejua takwimu hawezi hata kufahamu habari hiyo ina maana gani: ama ataidharau saikolojia yote, ama ataendelea kuamini kila kilichoandikwa kitabuni. Aliyezisoma mapema atavisoma vitabu vya mwaka wa pili na wa tatu kwa macho yaliyofunguka. Ndiyo sababu tunashauri takwimu ziwekwe muhula wa kwanza au wa pili, pamoja na kozi nyepesi mbili, na kijana atafute kikundi cha kujisomea tangu wiki ya kwanza, asisubiri sapu.

Mwaka wa pili: mpangilio wa matawi

Hapa ndipo kiini cha shahada kilipo, na hapa mpangilio una maana kuliko idadi. Matawi yanayopaswa kupitiwa na kila mwanafunzi ni saikolojia ya kibaiolojia, inayohusu ubongo na mishipa ya fahamu. Saikolojia ya utambuzi, inayohusu kumbukumbu, umakini na kufikiri. Saikolojia ya ukuaji tangu mimba hadi uzee. Saikolojia ya jamii. Upimaji wa kisaikolojia. Na elimu ya maradhi ya akili. Hii ya mwisho ndiyo inayovutia watu, na wanafunzi wengi hukimbilia kuisoma kwanza. Sisi tunaona iwe ya mwisho kati ya hizo. Asiyejua ukuaji wa kawaida wa kijana wa miaka 16 ataona ugonjwa katika kila ukaidi. Asiyejua ubongo atashindwa kuona kwamba mtu anayeanguka na kutoa povu anaweza kuwa na kifafa, naye ana haki ya kupelekwa hospitali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inafundisha kwamba kabla ya kuadhimisha ibada ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa si ugonjwa, ambao utunzaji wake ni wa sayansi ya tiba. Kwa waamini wetu ambao hupelekwa kwa waombeaji miezi mingi kabla ya kuonwa na daktari, hilo si jambo la vitabuni tu. Na kwa mwanafunzi mwenyewe, kusoma maradhi kabla ya misingi huzaa tabia mbaya ya kuwapa wenzake wa bwenini majina ya magonjwa.

Upimaji nao usipitwe kwa haraka, hasa na mwanafunzi wa Kiafrika. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya tafiti za saikolojia zimefanywa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, tena wengi wao wakiwa wanafunzi wa vyuo, kisha matokeo yakazungumzwa kana kwamba ni ya wanadamu wote. Dodoso lililotungwa kwa Kiingereza halibadiliki kuwa la Kiswahili kwa kubadilishwa maneno. Tuna neno sonona, lakini bibi wa kijijini hatakuja zahanati akisema ana sonona. Atasema moyo unamwenda mbio, kichwa kizito, mawazo yamemzidi, hapati usingizi. Mpimaji asiyejua lugha hiyo atamwandikia dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani.

Zimbabwe wametuonyesha njia. Watu wa huko wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na lipo dodoso la Kishona lililotungwa kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kuwafundisha akina bibi wahudumu wa afya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilipimwa kwa jaribio lenye kundi la kulinganisha, likihusisha watu 573 katika kliniki 24, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliopitia benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6. Huu ni mfano ambao mwanafunzi wa mwaka wa pili anapaswa kuufahamu vizuri, kwa sababu ndani yake kuna lugha, upimaji, takwimu na huruma kwa pamoja.

Kozi za kuchagua

Kozi za kuchagua mara nyingi hutumika kuongeza wastani wa alama. Hatuwalaumu sana vijana kwa hilo, maana wanaoajiri nao hutazama alama. Lakini angalau nusu ya nafasi hizo zitumike kwa makusudi. Anayeelekea kwenye tiba achukue baiolojia ya binadamu na elimu ya dawa za kulevya, zikipatikana. Anayeelekea kwenye malezi achukue elimu maalumu na sheria zinazomhusu mtoto. Na kila mmoja, hata asiye Mkatoliki, atafaidika na kozi moja ya falsafa ya binadamu.

Tunasema hivyo kwa sababu nadharia za saikolojia hubeba ndani yake mafundisho juu ya utu, ingawa hazitangazi. Freud alifikiri dini ni ndoto ya kujifariji, B. F. Skinner aliona uhuru wa kuchagua kuwa dhana isiyo na kazi katika sayansi. Mwanafunzi awasome wote wawili, tena awasome vizuri, kwa kuwa kila mmoja aliona jambo la kweli. Lakini ajue kutenganisha kilichopimwa na kilichodhaniwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliandika katika Summa, sehemu ya kwanza ya kitabu cha pili, maswali 22 hadi 48, uchambuzi mrefu juu ya hisia: upendo, chuki, huzuni, hofu, hasira. Si maabara, wala hakudai kuwa ni maabara, ila humpa msomaji lugha ya kueleza jinsi hisia na hiari zinavyohusiana. Falsafa haichukui nafasi ya takwimu. Chuo cha Kikatoliki kitakachoongeza kozi za maadili na kupunguza za utafiti kwa kudhani kinalinda imani, kitamtoa mhitimu dhaifu kwa pande zote mbili.

Watawa na mapadre wanaotumwa kusoma wana haja ya pekee. Mahakama za ndoa huwategemea wataalamu katika mashauri ya kanuni 1095, inayohusu kushindwa kwa kisaikolojia kubeba wajibu wa ndoa. Idara ya Elimu Katoliki ya Kiti Kitakatifu ilitoa mwaka 2008 mwongozo juu ya matumizi ya saikolojia katika malezi ya majandokasisi, ikisisitiza hiari na faragha ya anayepimwa. Mkuu wa shirika asimtume mtu kwa miaka mitatu kisha amkabidhi wanovisi wote awapime. Aidha, mlezi anayeamua juu ya nadhiri za mtu asiwe ndiye mtabibu wa siri zake.

Mwaka wa tatu

Tasnifu na mafunzo kwa vitendo ndivyo vinavyotawala mwaka huu, navyo vyote viwili huharibika kwa kuchelewa. Mada itafutwe tangu muhula wa nne, iwe ndogo. Mada kama “athari za malezi kwa vijana wa Tanzania” haina mwisho. “Muda wa kulala na alama za majaribio kwa wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule mbili za kutwa” ina mwisho. Ikiwa inahusu watoto au wagonjwa, kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya wazazi huchukua wiki nyingi, hivyo barua ziandikwe kabla ya likizo. Vivyo hivyo kwa mafunzo ya vitendo: nafasi katika hospitali ya Mirembe, Dodoma, au katika vituo vya kijamii haziombwi wiki ya mwisho. Sehemu nzuri ni ile yenye msimamizi anayekaa na mwanafunzi walau mara moja kwa wiki kusikiliza alichokiona, hata kama jina lake si kubwa.

Kuna jambo ambalo halimo katika orodha ya kozi. Baadhi ya vijana huchagua saikolojia kwa sababu wao wenyewe wameumia: mzazi mlevi, msiba, kudhulumiwa utotoni. Hakuna aibu katika hilo. Lakini darasa la maradhi ya akili si mahali pa kutibiwa, na kidonda hufunguka hapo bila mwenye nacho kujiandaa. Mwanafunzi wa namna hiyo atafute mnasihi wa chuo au padre mlezi kabla ya mwaka wa pili, na muhula wenye kozi hiyo aupe mzigo mwepesi zaidi.

Mwishoni mwa kazi hii ya kupanga kuwe na karatasi moja yenye safu sita, moja kwa kila muhula, ikiwa na kozi za lazima, za kuchagua, krediti zake, na kozi inayotakiwa kutangulia kila moja. Ipelekwe kwa mshauri wa taaluma wa idara kabla muda wa kusajili kozi haujafungwa, na mwanafunzi abaki na nakala yenye tarehe, kwani walimu huenda masomoni na kozi za kuchagua hazifundishwi kila mwaka.